Tupeni na kilo za injini

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kufunga injini mpya kwenye boti kuukuu nimeisoma mara mbili. Nakubaliana nayo kwamba boti ya faiba iliyotunzwa haistahili kutupwa kwa sababu tu mashine yake imechoka. Lakini mmeeleza nguvu za farasi, mwendo, mafuta na kelele, na uzito hamkuutaja hata kwa sentensi moja. Mimi uzito huo ulimvunja mdogo wangu mkono, ndiyo maana naandika.

Boti yangu ni ya futi 17, tumbo lake la umbo la V. Ilitoka kiwandani na mashine ya stroki mbili ya farasi 90. Ilipokufa nikafungiwa ya stroki nne ya farasi 150. Aliyeniuzia hakuuliza lolote zaidi ya urefu wa boti. Siku ya kwanza maji yalikuwa shwari. Tulipofika kama kilomita 60 kwa saa, omo, yaani sehemu ya mbele, ikaanza kudunda, inapanda na kushuka mithili ya pomboo. Nikaongeza gesi nikidhani itatulia. Kudunda kukaisha, ikaanza balaa nyingine: boti inalalia ubavu wa kulia, inarudi kushoto, na kila mara inalala zaidi ya mwanzo. Nikashtuka nikaachia gesi yote kwa mkupuo. Omo ikaporomoka na kujichimbia majini, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikazunguka, na mdogo wangu aliyekuwa amekaa mbele akarushwa kwenye reli. Wimbi letu wenyewe likatufuata na kumwagikia ndani kwa nyuma.

Nimetumia miezi mingi baadaye kuelewa kilichotokea, na ningependa wengine wakielewe kabla hawajaumia.

Kwanza kilo. Mashine ya zamani ya stroki mbili ya farasi 90 ilikuwa na uzito wa kilo 130 hivi. Ya stroki nne ya farasi 150 inapita kilo 200. Kwa hiyo nilikuwa nimemning'iniza mtu mzima mmoja nje kabisa ya ubao wa nyuma unaobeba injini, mahali ambapo aliyeichora boti hakumwekea nafasi. Omo ikawa nyepesi, tezi ikazama. Hata boti ikiwa imefungwa gatini, matundu ya kutolea maji yalikuwa yamegusa usawa wa bahari. Watu wawili wakisimama nyuma, maji yanaingia badala ya kutoka. Dalili hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu kabla hata sijawasha injini.

Kisha mwendo. Nguvu ya maji inayolisukuma tumbo la boti haiongezeki sambamba na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 60 kwenda 80 kwa saa, mwendo umepanda kwa theluthi moja lakini nguvu hiyo imekaribia kuongezeka kwa asilimia 80. Kosa dogo la uwiano ambalo boti ililivumilia kwa miaka 30 linajitokeza siku hiyo moja.

Sasa nazungumzia yale madhara mawili, kwa sababu watu huyachanganya na kuyatibu kwa dawa moja. Kudunda kwa omo ni suala la uzito wa mbele na nyuma. Mara nyingi trimu, yaani pembe ya injini kwenye ubao wa nyuma, imeinuliwa kupita kiasi, au mizigo yote iko tezi. Shusha trimu, sogeza betri na tangi mbele. Kama bado inadunda, ipandishe boti nchi kavu, chukua rula ndefu iliyonyooka na uilaze chini ya tumbo, mita mbili za mwisho kuelekea nyuma. Hapo panatakiwa pawe pamenyooka. Pakiwa pamebinuka kwa nje, boti itadunda tu. Pakiwa pamebonyea ndani, jambo ambalo trela isiyoshikilia vizuri sehemu ya nyuma huweza kulisababisha, omo itasukumwa chini na usukani utakuwa mkaidi. Vibao vya trimu, vile vinavyofungwa chini ya tezi kuishusha omo, vinasaidia, lakini huwa nasikitika kuona vinafungwa kuficha tumbo lililopinda.

Kulala ubavu kwa ubavu ndiko ninakokuogopa. Boti ya umbo la V ikikimbia sana, karibu mwili wote unatoka majini na inabaki imekalia ukanda mwembamba tu wa tumbo karibu na tezi. Propela inavyozunguka inaisukuma upande mmoja, boti inalala, dereva anarekebisha. Usukani wenye mlegeo unachelewesha rekebisho lake, linafika wakati boti imeshaanza kurudi yenyewe, na badala ya kuituliza anaizidishia. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kukagua ni usukani. Zima injini, zungusha usukani polepole, tazama unazunguka kiasi gani kabla injini haijasogea. Kisha ishike injini yenyewe uitikise. Kebo yangu ilikuwa ya tangu boti mpya na ilikuwa imelegea vibaya. Nimeweka usukani wa haidroliki, na tofauti yake ni kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichobadilisha. Na ikitokea umeshaanza kuyumba, punguza gesi taratibu huku usukani umeunyoosha, na ushushe trimu kidogo. Nilivyofanya mimi, kuachia gesi ghafla, ndivyo hasa isivyotakiwa.

Propela ya mapanga manne nayo ilisaidia kuinua tezi.

Kuna la kibao cha kiwanda, kile kinachoonyesha farasi za juu zinazoruhusiwa kwa boti. Marekani ina kanuni ya boti za injini za nje zisizofika futi 20: kwa boti yenye usukani ulio mbali na injini na ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 20 au zaidi, unazidisha urefu wa boti kwa upana wa ubao huo, kwa futi, kisha unazidisha mara mbili na kutoa 90. Yangu ni futi 17 kwa 6, yaani 102. Mara mbili ni 204, toa 90 inabaki 114, na kanuni inaruhusu kupandisha hadi 115. Nilipokwangua rangi juu ya kibao changu nilikuta hicho hicho: 115. Kilikuwa kimepakwa rangi na mwenye boti wa kabla yangu, nami sikuwahi kujisumbua kukitafuta.

Na kiwango hicho ni cha boti ikiwa mpya. Ubao wa nyuma wa boti nyingi za zamani una mbao ndani ya faiba, na mbao hizo huoza kimyakimya kupitia matundu ya bolti. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize sauti inayofifia. Kandamiza injini kwa uzito wako na umwombe mwenzako aangalie kama ubao unapinda. Povu la kuelea lililo chini ya sakafu nalo hunywa maji mwaka baada ya mwaka, na boti huongezeka makumi ya kilo ambazo hakuna aliyezipima.

Niliiuza ile ya 150 kwa hasara nikafunga ya 115. Inatosha kabisa.

Ombi langu kwenu ni moja. Kila mnapochapisha habari ya injini, wekeni kilo zake kando ya farasi zake, na kilo za ile ya zamani ambayo wasomaji wengi wataing'oa ili kuifunga hiyo. Na mnapokwenda kwa wauzaji, waulizeni kama huwa wanakitafuta kibao cha boti kabla ya kupokea pesa, na kama huwa wanaijaribu boti majini pamoja na mwenyewe kabla ya kumkabidhi. Chapisheni wanachojibu.

Msomaji wenu