Fensi ya mbao Tabora: nijenge mwenyewe na mdogo wangu au nimpe fundi?

Shikamoo mzee wetu, na wasomaji wote habari za saa hizi. Naandika kutoka Tabora mjini, pande za Ipuli, naomba mnivumilie mpaka mwisho maana jambo lenyewe mtu wa nje anaweza kuliona dogo ila mimi linaninyima usingizi.

Mama yangu mzazi alipata kiharusi, nikamtoa Urambo nikamleta hapa kwangu. Upande wa kulia umelegea, maneno yanatoka kwa shida, ila mtaalamu wa mazoezi kasema atembezwe kila siku asubuhi na jioni, ashike fimbo azunguke uwanjani chini ya mwembe. Sasa uwanja wetu uko wazi kabisa, mbele na ubavuni inapita njia ya mtaa mzima, wanaoenda sokoni humo, wanafunzi humo, bodaboda nao wanakatiza humohumo. Mama alikuwa mtu wa watu, sasa watu wanapita wanamwambia mwangaluka mama, na yeye ulimi mzito anashindwa kuitikia, anabaki kamkodolea mtu macho huku machozi yanamlenga. Watoto ndo wanasimama kabisa kumshangaa. Saivi hataki kutoka nje, anashinda chumbani, mazoezi yamesimama, na kila wiki inavyopita naona mkono unazidi kukaza. Ndo maana nataka fensi, sio ya mashauzi, nataka kumstiri mama yangu mpaka apate nguvu.

Ukuta wa tofali hatuwezi kwa sasa. Baba watoto yuko kwenye ujenzi wa reli huko, anarudi mara chache, hela anayotuma ina kazi zake. Minyaa niliwaza, ila inachukua muda kukua na utomvu wake ukimwingia mtoto machoni ni balaa, na mimi nina wadogo wawili. Kwahiyo ni mbao.

Nimepima mwenyewe kwa futi kamba. Mbele mita 20, ubavuni mita 12, jumla mita 32 yaani kama futi 105. Nataka iende juu futi 6. Nikapiga hesabu na mdogo wangu, kamaliza form six yupo tu nyumbani, ana akili ya hesabu huyo kijana. Nguzo tumeweka kila futi 6 ili mbao ya kulala ya futi 12 iishie juu ya nguzo isielee hewani, ikaja nguzo kama 20 pamoja na za geti. Mbao za kulala inchi 2 kwa 4 safu tatu, zinakuja 28. Za kusimama 1 kwa 6, ukikata kila mbao ya futi 12 katikati unapata mbili, zinatakiwa 105. Ila mbao za paina zinazouzwa hapa mjini nyingi ni mbichi, zikikauka zinasinyaa, ukizipanga ubavu kwa ubavu baada ya miezi utaona nyufa mtu anachungulia vizuri tu, sasa hapo utakuwa umemstiri nani? Kwahiyo tumefikiria zipandane inchi moja moja, moja mbele moja nyuma, hapo zinafika kama 126. Pesa ya mbao ninayo, nimeuza kuku na kuna mchezo wa kuchangiana hela nimepokea zamu yangu.

Sasa mafundi.

Wa kwanza alikuja mtu mzima na heshima zake, akapima vizuri, akataka laki 6 ya ufundi peke yake, nusu mkononi kabla hajagusa shimo. Kazi zake nimeziona, zimenyooka, ila hiyo laki 6 ndo hela ya dawa za mama na sabuni na kila kitu. Wa pili akasema nimwachie yeye kila kitu na mbao atatafuta mwenyewe, milioni 2 na laki 4. Nikamuuliza mbao gani, akajibu "mbao nzuri tu dada". Nikamuuliza mchwa je, akasema nguzo tutachovya kwenye oili chafu. Wa tatu alikuwa rahisi, laki 2 na nusu, ila nilipomuuliza mashimo atachimba kina gani akanionesha kwa kiganja mpaka chini kidogo ya goti. Kwa fensi ya futi 6 iliyozibwa yote! Mnaoishi Tabora mnaujua upepo unaotangulia mvua za mwanzo, unang'oa mabati ya watu, sasa fensi isiyo na upenyo inapokea upepo wote kifuani, nguzo ya futi moja na kidogo ardhini itasimama kwa nini? Mimi nimepanga nguzo za futi 9, futi 3 ziende chini.

Hilo la oili chafu nalo lilinisumbua sana. Kisima chetu kiko karibu na kona ya fensi na mboga zangu ziko hapohapo, oili iliyotoka kwenye injini ina uchafu wa kila aina na mvua ikinyesha inashuka na maji, sasa nimlishe mgonjwa mchicha wa oili? Na hata huo mchwa haiuzuii muda mrefu.

Na mchwa ndo adui mkubwa hapa kwetu jamani, anaejenga huku anajua, nyuma ya nyumba tu kuna kichuguu kinanizidi urefu. Paina kavu bila dawa ukiichomeka ardhini unawapikia. Mwenye duka la mbao ninaemwamini kanipa njia mbili. Ya kwanza nguzo za mninga, tena kiini chake kile chekundu, sio ile sehemu nyeupe ya pembeni maana hiyo inaliwa kama mti mwingine wowote. Bei imepanda sana na lazima nipate risiti na vibali vya misitu vinavyoeleweka, sitaki kesi. Ya pili nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani kijani zinazotoka Mafinga. Akanionya nisikate ule upande unaoingia ardhini, kama ni ndefu nikate juu, kwa sababu dawa haifiki katikati ya mti na ukikata umewafungulia mlango. Akaniambia pia vipande vinavyobaki visichomwe jikoni kabisa, ile dawa moshi wake ni sumu. Hili nalisema kwa sauti kwasababu mtaani kwetu kipande cha mti hakilali nje, usiku kinageuka kuni, na watu wana watoto.

Mimi naelekea hizo za kijani. Mbao za kusimama zisiguse chini, niziache juu ya ardhi inchi 2 hivi, mchwa akipanda nimwone njia yake. Hapo mbwa au kuku atachungulia, basi achungulie.

Sasa kinachonigawa. Mdogo wangu anasema dada tufanye wenyewe, banda la kuku tulijenga sisi na linasimama mpaka leo, msumeno upo, nyundo ipo, mtaimbo na chepe tutaazima, pima maji na uzi tunanunua. Tunaanza na nguzo za kona, tunavuta uzi, zilizobaki zinafuata uzi. Mimi naamini tunaweza. Kupiga misumari kwenye mbao sio kazi ya kumwogopa mtu. Ninachoogopa ni nguzo tu, nguzo ikikosewa hakuna cha kurekebisha, na ardhi yetu haifanani, mbele ni kichanga kinachimbika vizuri ila ule ubavu unashuka kwenye udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, masika unavimba. Nguzo kwenye udongo wa hivo inasukumwa huku na huku.

Baba watoto kwenye simu hataki kusikia, anasema mke wake hawezi kuonekana barabarani anachimba mashimo, nisubiri Desemba aje asimamie fundi mwenyewe. Namheshimu na najua anasema kwa kunionea huruma, ila Desemba ni mvua, mashimo yatajaa maji na mama atakuwa amekaa ndani muda wote huo. Mama mkubwa nae yuko upande wake, anasema kazi ya fundi mpe fundi. Shemeji yangu ndo kasema jambo lililonikaa kichwani, kwamba nimlipe fundi wa kwanza kuchimba na kusimamisha nguzo 20 tu na geti, mbao tupige wenyewe. Nikamfuata yule mzee, akasita, anasema fensi ikilala watu watasema ni yeye wakati misumari hakupiga yeye. Namuelewa, jina lake ndo kazi yake. Ila hakukataa moja kwa moja.

Kwahiyo mzee wetu na ninyi mliowahi kujenga, naomba mniambie. Huyu fundi nimshawishi vipi akubali nusu kazi, tuandikishane au nimwombe aje akague tukimaliza kwa malipo kidogo? Ule upande wa mbuga nimwage zege au nishindilie kokoto na udongo? Maana wengine wananiambia zege linashika maji kwenye shina la nguzo inaoza haraka, wengine wanasema zege ukiliinua kidogo juu ya ardhi na kulipa mteremko maji yanakimbia. Simenti nimekadiria mifuko 4 kwa mashimo yote, inatosha? Na geti la futi 4 la mbao hizohizo nguzo zake ziende chini zaidi ya hizo futi 3 au zinatosha?

Na la mwisho, ambalo ni la ndani kidogo, kwa wanawake mliofanya kazi kama hii waume zenu wakiwa mbali, mliongea nao vipi wakaelewa bila kuona mmewadharau? Mimi sitaki aje akute fensi imesimama na moyo wake umeumia, nataka niianze akiwa ameridhia.

Mwenye duka ananishikilia hizo nguzo za kijani mpaka mwisho wa mwezi tu, baada ya hapo kuna mteja mwingine anazichukua zote, kwahiyo mwenye jibu asichelewe.

Dada wa Ipuli, Tabora