Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge: Hansard inaandika makofi, haiandiki kura

Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUMBUKUMBU YA KURA ZA WABUNGE KWA MAJINA

Mheshimiwa Spika, mpiga kura anayetaka kujua mbunge wake alisema nini bungeni hana shida. Anafungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya Majadiliano ya Bunge, anatafuta jina, anasoma. Ataona hata mahali wenzake walipomshangilia, maana Hansard huandika "(Makofi)" na "(Kicheko)" bila kuchoka. Akitaka kujua mbunge huyo huyo alipiga kura gani kwenye muswada uliomgusa mfukoni, anafika mwisho wa mjadala na kukuta mistari miwili ndani ya mabano: "(Hoja ilitolewa iamuliwe)", na chini yake, "(Hoja iliamuliwa na kuafikiwa)". Nani aliafiki, nani alikataa, nani alikuwa kantini? Hayo hayamo.

Chanzo chake ni kura ya sauti. Kiti, yaani anayeongoza kikao, kinawahoji wabunge, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, Kiti kinasikiliza na kutangaza kwamba walioafiki wameshinda. Ibara ya 94 ya Katiba inataka akidi ya nusu ya wabunge wote, na uamuzi kwa wingi wa kura za waliohudhuria. Sauti haihesabiki. Inaonyesha upande uliopiga kelele zaidi, na wabunge sitini wenye mapafu mazuri wanaweza kusikika kama mia mbili.

Mheshimiwa Spika, kuna siku moja ya mwaka ambapo majina huitwa. Kila Juni, mjadala wa bajeti ya Serikali unapofungwa, makatibu mezani wanasoma orodha ya wabunge mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anajibu kwa sauti, na Hansard inachapisha majina ya waliosema ndiyo, waliosema hapana, wasioamua na wasiokuwepo. Ni kumbukumbu safi kabisa. Bahati mbaya ndiyo inayotuambia machache kuliko zote. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Mbunge anayesema "ndiyo" siku hiyo huenda anaunga mkono kila shilingi, huenda anaumia kwa sababu ya barabara ya jimboni kwake, na huenda hataki tu kurudi kwenye kampeni miaka mitatu kabla ya muda. Jibu ni neno moja, na haliwezi kutenganisha maji na umeme, wala afya na ulinzi. Kwa hiyo kura yenye majina ni ile iliyopigwa chini ya tishio la Bunge zima kuvunjwa, na kura ambazo zingetuonyesha msimamo wa mtu hazina majina.

Chukua tozo ya miamala ya simu. Bajeti ya Juni 2021 ilipigiwa kura kwa majina. Lakini tozo yenyewe, ya kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, iliingia kupitia Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ni muswada mwingine, unaofuata baada ya kura ya bajeti na kwenda kwa sauti. Makato yalianza tarehe 15 Julai 2021, na wananchi wakaanza kuuliza nani alipitisha. Wapo waliorudi kwenye orodha ya kura ya bajeti na kuwahukumu wabunge kwayo. Walisoma karatasi isiyo yenyewe. Tozo ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, punguzo lilikuja kwa kanuni za Waziri, si kwa kura ya Bunge, kwa hiyo hata anayedai "tulipigania ikashuka" hana kura ya kutuonyesha.

Hali ni hiyo hiyo kwenye maeneo mengine makubwa. Sheria za maliasili za Julai 2017 zilikuja kwa hati ya dharura, inayoruhusu muswada uharakishwe, na kumalizwa ndani ya siku chache, kama zilivyokuwa sheria za mafuta na gesi za 2015. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa yalipita Januari 2019, sheria za uchaguzi Februari 2024, Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge liliridhia mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, jambo lililogawanya nchi kwa miezi. Hansard ya siku ile ina majina ya waliochangia. Waliochangia ni sehemu ndogo ya ukumbi. Wengine wote walikaa, wakaitikia au wakanyamaza, na leo kila mmoja yuko huru kueleza jimboni kwake lolote linalompendeza.

Tunajua hoja inayorudi kila jambo hili linapotajwa: muda. Ni hoja ya kweli. Katika Bunge lenye wabunge wapatao 400, ukiita jina na kusubiri jibu kwa sekunde sita, unatumia dakika 40 kwa kura moja. Muswada una ibara nyingi, na kila moja inahojiwa kwenye Kamati ya Bunge Zima, wabunge wote wanapokaa kama kamati kuupitia. Anayedai kila ibara iitiwe majina hajawahi kukaa kufuatilia kikao hadi mwisho.

Tunachoomba ni kidogo kuliko hicho. Ibara zisizo na mgogoro ziendelee kwa sauti. Majina yachukuliwe sehemu tatu: muswada unaposomwa mara ya pili, maana hapo ndipo Bunge linapokubali au kukataa maudhui yake, kila jedwali la marekebisho (mabadiliko ambayo mbunge anapendekeza kwenye muswada) ambalo aliyelileta hakukubaliana na Waziri, na kila azimio la kuridhia mkataba. Kwa hizo, upigaji kura wa kielektroniki kupitia vishikwambi ambavyo waheshimiwa wanavyo tayari mezani unachukua dakika mbili au tatu.

Hapo napo pana mitego. Mtego wa kwanza ni jirani kumbonyezea mwenzake aliyetoka nje. Dawa yake ni alama ya kidole wakati wa kupiga, siyo nywila, kwa sababu nywila huazimana. Wa pili ni kubonyeza vibaya. Matokeo yaonyeshwe kwenye skrini za ukumbi kwa majina kabla Kiti hakijatangaza, na mbunge apewe dakika moja kusimama na kusahihisha. Baada ya kutangazwa, anayesema alikosea aandikiwe tanbihi chini ya kura yake, lakini kura yenyewe isifutwe. Wa tatu ni mtandao kukatika katikati ya zoezi, na hapo kura irudiwe yote, kwa kuita majina ikibidi. Kuunganisha nusu ya kielektroniki na nusu ya mdomo ndiko kunakozaa majina yanayotokea mara mbili.

Mheshimiwa Spika, hoja nzito zaidi ni ya chama, na hatutaikwepa. Chini ya Ibara ya 71, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Chama kikimvua uanachama kwa sababu ya kura, amekwenda na maji. Wapo wanaosema kwa nia njema kwamba kura ya sauti inampa mbunge kichaka cha kujificha: anaweza kusema "siyo" ya chini chini na asijulikane. Sisi tunaona kichaka hicho hakimfichi kwa anayemwogopa. Mnadhimu, msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama, yumo ukumbini, wenzake wa chama wamekaa kulia na kushoto kwake, na msimamo ulishajadiliwa kwenye kikao cha wabunge wa chama kabla ya kuingia. Asiyesikia ni mpiga kura aliye Nachingwea au Kasulu. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilijaribu njia ya kati, kila mjumbe akachagua mwenyewe kura ya wazi au ya siri, na matokeo yake ni kumbukumbu yenye matundu isiyomridhisha mtu wa upande wowote.

Na kama nidhamu ya chama ndiyo iliyoamua, kumbukumbu iseme hivyo. Hili ni jambo ambalo wanaowapa wabunge alama kwa kura zao hulisahau. Waziri ambaye pia ni mbunge anabanwa na uwajibikaji wa pamoja, yaani lazima atetee uamuzi wa Serikali. "Ndiyo" yake kwenye muswada wa Serikali haina uzito sawa na "ndiyo" ya mbunge wa nyuma. Kwa hiyo jedwali la kura linalotufaa liwe na safu ya jina, jimbo au aina ya kiti (Viti Maalum, uteuzi wa Rais, wale watano kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu), chama, wadhifa wa siku hiyo, na kura. Wadhifa wa siku hiyo, siyo wa leo: mabadiliko ya Baraza la Mawaziri yakitokea, rekodi ya zamani isibadilike nayo.

Safu ya kura iwe na majibu matano: ndiyo, hapana, hakuamua, hayupo kwa ruhusa, hayupo. Hayo mawili ya mwisho yakichanganywa, mbunge aliyelazwa hospitali atahesabiwa mtoro pamoja na aliyekwenda kwenye harusi. Kutokuwepo kusihesabiwe "hapana" pia, kosa linaloonekana kila mara watu wanapojumlisha wenyewe kwa kutoa waliosema ndiyo kwenye idadi ya wabunge wote.

Miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali inahitaji jicho la pekee. Muswada mmoja wa aina hiyo unaweza kugusa sheria kadhaa zisizo na undugu wowote. Kura moja juu ya mzigo wote haimwambii mtu kitu. Hapo majina yachukuliwe kwa Sehemu, kila sheria inayorekebishwa na kura yake.

Kisha kuna shilingi. Kwenye Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu, fungu la mshahara wa Waziri linapofikiwa, mbunge anaweza kushika shilingi, yaani kutaka shilingi ya mshahara huo izuiwe, hadi apewe maelezo. Kwa kweli hapa ndipo msimamo wa mbunge kwenye sekta unapoonekana vizuri kuliko mahali pengine popote: ameshika kwa ajili ya nini, Waziri amejibu nini, ameirudisha mwenyewe au hoja imehojiwa. Ukisoma kwa subira utakuta wengi hurudisha mara Waziri anaposema "tumelichukua". Hilo si kosa, wakati mwingine ndiyo maana ya kushika. Lakini mbunge anayeshika shilingi ile ile, kwa mradi ule ule wa maji, miaka mitatu mfululizo na kuirudisha kwa jibu lile lile, wapiga kura wake wanastahili kuiona miaka hiyo mitatu ikiwa imepangwa mstari kwa mstari. Leo inabidi mtu apekue maelfu ya kurasa. Na pale muda unapokwisha na mafungu yaliyobaki yakapitishwa kwa pamoja bila mjadala, jedwali liandike hivyo, ili asiyeulizwa kitu asionekane aliridhika.

Jedwali litolewe siku inayofuata kikao, kama lahajedwali linaloweza kupangwa na kuchujwa, si picha ya karatasi iliyoskaniwa. Kila kura ipewe namba isiyobadilika, tarehe, jina la muswada na hatua yake. Wenzetu wa Kenya walipigia kura Muswada wa Fedha tarehe 25 Juni 2024, ndiyo 195 na hapana 106, na wananchi walijua mbunge yupi alisimama wapi kabla muswada haujafika mezani kwa Rais. Wabunge wengine waliumia kwa hilo. Ila hakuna aliyelazimika kubahatisha.

Bunge linaweza kuanza bila kusubiri mfumo mpya wa kompyuta. Makatibu wanaoita majina ya kura ya bajeti wapo, orodha ipo, fomu zipo. Wiki hiyo hiyo ya mwisho wa Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha uitiwe majina unaposomwa mara ya pili, kwa orodha ile ile iliyotumika kwenye bajeti. Ni dakika 40.

Mheshimiwa Spika, tunaomba kutoa hoja.

Wasomaji wa Hansard