Barua kwa wajina wangu, kabla hujaapa

Chang'ombe, Dodoma
Septemba

Wajina wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ni upepo tu na vumbi la Septemba, ukianika nguo asubuhi unazianua jioni nyekundu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nje peke yangu baada ya watoto kulala, kwa kuwa swali lako si la kujibiwa kwa simu.

Bosi wako anakutaka ujiunge na chama chao cha siri, uape mbele ya ndugu wa chama Jumamosi hii, nawe umeniuliza: "Wewe uliapa mahakamani umeshika Biblia, mbona mimi nikiapa kwa hao ndugu iwe dhambi?" Swali ni la haki. Nitakujibu kwa kukueleza jambo ambalo sijawahi kukuambia kuhusu siku ile.

Unaikumbuka kesi ya mpaka wa shamba la mjomba. Nilikuwa shahidi wake. Karani alinipa Biblia ambayo jalada lake limebandikwa gundi na kona zake zimelika kwa mikono ya watu. Nikaiinua, nikatamka yale maneno, kwamba nitasema kweli na kweli tupu, Ee Mungu nisaidie. Hakimu akaniuliza kama niliwahi kuona minyaa ya mpakani ikihamishwa. Nikasema sikumbuki. Wajina, nilikuwa nakumbuka vizuri sana. Jembe nililishika mimi.

Aliyefuata ni mzee jirani yetu, Mkristo wa Kanisa la Menoni kutoka Mara, naye shahidi wa mjomba. Biblia hakuipokea. Akasema, "Mheshimiwa, mimi siapi. Bwana ameniambia ndiyo yangu iwe ndiyo." Nikadhani atafukuzwa. Hakimu hakukasirika hata kidogo. Sheria yetu ya viapo, Sura ya 34, inamruhusu mtu ambaye imani yake inamkataza kuapa athibitishe tu, na uthibitisho huo una nguvu ileile ya kiapo. Mzee akathibitisha. Akaulizwa swali lilelile nililoulizwa mimi. Akajibu, "Ndiyo. Minyaa mitatu ilisogezwa, hatua kama nne. Nilitazama nikanyamaza, na nilikosea."

Mimi niliyeapa nilikuwa nimedanganya, na asiyeapa ndiye aliyesema kweli. Shauri lilipoahirishwa kidogo nilitoka nikasimama chini ya mwarobaini, mate yamenikauka. Waliporudi nikamwomba karani anipeleke tena mbele. Nikamwambia hakimu kwamba nataka kusahihisha ushahidi wangu. Mjomba hakunisemesha mpaka mavuno ya mwaka uliofuata.

Tangu siku hiyo nimelisoma sana jambo hili. Mathayo 5 haina kona: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu." Yakobo analirudia katika sura ya 5. Wamenoni, na Wakristo wengine waitwao Wakweka (Quakers), wanayachukua maneno hayo kama yalivyo, na wengine wao zamani walifungwa kwa ajili hiyo. Siwezi kumwambia yule mzee kwamba amekosea. Lakini naona pia kwamba kuhani mkuu Kayafa alipomwapisha Bwana wetu kwa Mungu aliye hai, Bwana alijibu. Paulo anamwita Mungu awe shahidi juu ya roho yake, 2 Wakorintho 1:23. Na Waebrania 6 inasema Mungu mwenyewe aliapa kwa nafsi yake. Sisi Waanglikana tuliolelewa na Dayosisi ya Central Tanganyika tuna zile Kanuni 39 za mwaka 1571, na ya mwisho kabisa inahusu kiapo. Inakubali kwamba Bwana alikataza kuapa ovyo na kwa haraka, ila mtu anaweza kuapa mamlaka ikimtaka, mradi iwe kwa haki na kweli. Hapo ndipo niliposimama.

Kuapa ovyo ndiko kulikotujaa. Nenda Soko la Majengo usikie: "Haki ya Mungu, kaka, hizi nimezinunua elfu nne!" Jina la Mungu limeshushwa kutetea bei ya nyanya. Nyumbani kwangu neno hilo nimelipiga marufuku, na mimi ndiye ninayekosea mara nyingi kuliko watoto.

Sasa nije kwako. Kilichonirudisha kizimbani ni kwamba nilijua nimeapia nini. Maneno niliyasikia, kila aliyekuwa chumbani aliyasikia, kwa hiyo nilipoyavunja nilijua pale pale nimevunja nini. Hata ndoa yako iko hivyo. Ilitangazwa kanisani mwenye pingamizi aseme, na maneno ya ahadi uliyasoma kabla ya siku yenyewe. Hao ndugu wanakutaka upige goti kwanza, uahidi kutunza siri, halafu ndipo uambiwe siri ni nini. Hicho ndicho kinachonikataza usingizi. Herode aliapa kumpa binti lolote atakaloomba, kabla hajajua ataomba nini, na kikaletwa kichwa cha Yohana kwenye sinia. Yeftha naye aliapa kumtoa atakayetoka mlangoni, na akatoka mwanawe wa pekee. Walawi 5 inamtaka mtu aliyeapa bila kufikiri aungame atakapotambua. Wewe utaungama nini, wajina, ikiwa utakapotambua umeshaapa kutolisema?

Sitaki nikutishe kwa uvumi. Jina la chama hukuniandikia, na watu wetu wakisikia Frimasoni wanasema damu na majini. Mimi sina ushahidi wa hayo, nami nimeshajifunza kutosema nisilolijua. Tena marehemu Andy Chande aliwaongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki bila kujificha. Ninayoyashika ni yanayojulikana. Grand Lodge yao ya kwanza, yaani baraza lao kuu, ilianzishwa London mwaka 1717, na kiapo chake kwa muda mrefu kilitaja kukatwa koo na kung'olewa ulimi. Mwaka 1986 wenyewe Uingereza waliamua kuziondoa adhabu hizo kwenye kiapo. Wanamhakikishia pia anayeingia kwamba hakuna kitakachopingana na wajibu wake kwa Mungu wala familia. Nakubali kuwa wapo wanaosema hivyo kwa moyo safi. Ila anayekuhakikishia ndiye huyo huyo anayekuapisha.

Na wewe tangu uoe umehamia kwa Wakatoliki, basi lijue hili. Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliwakataza waumini tangu 1738, na siri iliyofungwa kwa kiapo ni mojawapo ya sababu alizotoa. Tarehe 26 Novemba 1983 Roma ilirudia katazo hilo kwa saini ya Kardinali Ratzinger, kwamba Mkatoliki anayejiunga nao yumo katika dhambi kubwa na asipokee Komunyo. Kama chama chako si hicho, muulize paroko wako. Usimuulize huyo bosi.

Najua deni la lori linakubana, na najua bosi amekuahidi zabuni. Kwa hiyo usimkatalie kwa hasira. Mwombe kitu kimoja kabla ya Jumamosi: akupe maneno yote ya kiapo kwa maandishi, uyasome na mama watoto mezani, taa ikiwaka. Akikubali, nitumie nami niyasome. Akikuambia hayaonyeshwi mpaka siku yenyewe, nipigie usiku huo huo, hata saa nane.

Kuhusu deni, kaka yangu ana nafasi ya kupakia zabibu za Mpunguzi hadi mwisho wa msimu. Fedha si nyingi, lakini lori halitalala. Niambie mapema nimwambie asimpe mtu mwingine.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anasema ubuyu wako ameushona kwenye kiroba, utauchukua ukija.

Ni mimi,
Wajina wako