Fupa la bega

Malindi, Unguja
Jumapili usiku

Kwako shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, anauliza kama zile kanga zimefika Dar. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe ni kweli, unaolewa na unahamia Hamburg! Nimefurahi, na roho imenishtuka pia. Umeniomba nikusimulie mapenzi ya Sayyida Salme, kwa kuwa naye alimfuata mume huko huko. Nitakusimulia, ila mimi huwa naanzia kwenye fupa.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, na suria wa Kicherkesi, watu wa milima ya Kaukazi, aliyeitwa Jilfidan. Watoto wa kike jumbani walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye akachukua fupa la bega la ngamia, ambalo enzi hizo lilitumika kama ubao wa kujifunzia, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri. Shoga, wiki iliyopita nilimwomba muuza nyama wa Darajani fupa kama hilo, la ng'ombe. Nimelichemsha, nimelisugua kwa mchanga, nimelianika juani siku tatu, na bado lina mafuta. Wino unateleza, alif inapinda. Ukishaandika mistari minne nafasi imekwisha, inabidi uoshe ndipo uendelee. Nikamfikiria mtoto yule, kila alichojifunza anakifuta kwa mkono wake kabla mtu hajakiona. Nililia, nakwambia kweli.

Na kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1859, Salme akiwa na miaka 15, kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani, na Salme ndiye aliyewaandikia barua za njama. Mpango ukashindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid alimsamehe Salme, lakini kupatana kwao kuliwaudhi ndugu wa upande wa pili, wakamtenga. Baba na mama alishafiwa nao. Ndipo akawa anaishi Mji Mkongwe, nyumba yake imepakana na ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na dirishani kwake aliziona karamu za jirani. Mengine unayajua.

Alipopata mimba hapakukalika tena. Agosti 1866 akatoroka kwa Highflyer, meli ya kivita ya Waingereza, mpaka Aden. Huko alibatizwa akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo, 30 Mei 1867, akaolewa. Mwaka 1870 Heinrich akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo kwenye mji wa baridi usio na ndugu yake hata mmoja.

Hapa naomba usome polepole. Mapenzi yalimfikisha Hamburg, lakini alipobaki mjane alishika zile zile herufi: akafundisha watu Kiarabu, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake, kwa Kijerumani. Mwaka mmoja kabla, wakubwa wa Berlin walimleta Unguja pamoja na manowari zao ili wambane Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani. Wao walipata walichokitaka. Yeye kaka yake hakukubali hata kumwona, akarudi mikono mitupu. Kila mtu alimtumia kwa jambo lake, lakini kitabuni anasema mwenyewe. Zipo kurasa zinazoniuma, pale anapoutetea utumwa, na mama yake mzazi alitekwa angali mtoto. Hizo pia nazisoma.

Kwa hiyo, shoga, vyeti vyako vya ualimu usivitie kwenye sanduku la nguo, vikae kwenye mkoba wako wa mkononi. Kijerumani anza leo. Bwana harusi simtilii shaka hata kidogo, nimemwona anavyokuangalia, lakini usikubali yeye ndiye awe ulimi wako dukani, hospitali na kwa watu wa serikali. Na ukishazoea njia za huko, nenda makaburi ya Ohlsdorf ukamsalimie Salme. Alifariki Jena mwaka 1924, kaburi lake liko hapo Hamburg.

Nitapanda boti ya Ijumaa asubuhi, nifike kabla ya hina. Fupa nakuletea. Jana nililipaka chaki nikalifuta, limeanza kukubali wino.

Wako akupendaye,
shoga yako wa Malindi