Kufuli la simu sawa, lakini ufunguo uwe wa nani?

Ndugu Mhariri,

Kila ukizuka mjadala wa uhuru wa mtumiaji, watengenezaji wa simu hujibu kwamba mnunuzi akiruhusiwa kubadili mfumo wa simu yake, wezi na matapeli nao wataingia. Jibu hilo lina ukweli nusu.

Simu inapowashwa, programu ndogo ya kuwashia hukagua sahihi ya kidijitali, yaani alama ya siri inayothibitisha mtengenezaji, ya mfumo endeshi (kama Android). Sahihi isipolingana na ufunguo, yaani namba maalumu ya kuihakiki, uliowekwa kiwandani, simu hugoma. Ukaguzi huo, ambao ndio kufuli lenyewe, ni wa maana, kwani ndio unaozuia programu haribifu kujichimbia chini ya mfumo, mahali ambapo hata kufuta kila kitu hakuiondoi. Swali ni nani anaruhusiwa kuongeza ufunguo wa pili.

Tazama Windows 8, mfumo endeshi wa Microsoft wa mwaka 2012. Kwa kompyuta za chipu za x86, zile za kompyuta nyingi za kawaida, Microsoft iliwataka watengenezaji waliohitaji nembo yake wamwachie mwenye mashine uwezo wa kuzima ukaguzi au kuweka funguo zake mwenyewe. Kwa vifaa vya chipu za ARM, aina inayotumika zaidi kwenye simu na tableti, ikakataza kuuzima. Mfumo ule ule, mwaka ule ule! Kama hatari ndiyo ingekuwa sababu, kompyuta za maofisini ndizo zingefungwa kwanza.

Njia salama ipo tayari. Kwenye simu za Pixel za Google zisizofungwa na kampuni ya mtandao wa simu, unagonga namba ya toleo la mfumo mara 7 ili menyu ya wasanidi itokee, unaruhusu ufunguaji, kisha unatoa amri ya kufungua kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya na kuithibitisha kwa vitufe vya simu yenyewe. Data zote hufutwa, na ni makusudi: bila hivyo, mwizi angeweka mfumo wake na kusoma ya kwako. Ukiweka ufunguo wako na kufunga tena, ukaguzi unarudi kazini, na kila ukiwasha unaonywa kwa rangi ya njano kwamba mfumo si wa kiwandani. Kosa linalowaponza wengi ni kufunga tena huku simu ina mfumo usio na sahihi inayolingana, hapo haiwaki.

Kufuli la pili halizungumzwi sana. Programu nyingi za benki huuliza kama mfumo umeidhinishwa na Google, hazichunguzi kama ni salama kweli. Hivyo simu isiyopata masasisho ya usalama kwa miaka inaweza kupita, na yenye mfumo mpya uliozibwa matundu ikakataliwa.

Kuhusu matapeli, nakubali hatari ni ya kweli: humpigia mtu simu na kumwelekeza, hatua kwa hatua, asakinishe programu bandia. Lakini tapeli huishi kwa haraka. Ruhusa ya kusakinisha kutoka nje ya duka rasmi ikichelewa saa 24, maongezi yake yameharibika, na mwenye simu hajanyang'anywa kitu.

Sheria iwalazimishe watengenezaji kuandika kwenye boksi tarehe ya mwisho ya masasisho na namna ya kufungua simu. Tarehe hiyo ikifika, kufuli lifunguke bila kuomba kibali wala seva ya kampuni, kwa sababu seva nayo huzimwa.

Msomaji wako