Mathenge ukiikata juu juu haiishi

Mhariri,

Kila nikisoma habari za mathenge, huu mti wa miiba wa kigeni uliotapakaa hapa Baringo, ni yale yale tu, mbuzi wameng'oka meno kwa kula maganda yake, Wailchamus, jamii ya hapa, walienda kortini 2006 kwa sababu ya mti huo, alafu mwisho tunaambiwa tukate tuchome makaa na mti utaisha wenyewe. Sawa, makaa yauzwe watu wapate pesa ya sukari, lakini hautaisha hivyo, na sababu iko kwa majani.

Njoo Marigat Januari jua likiwaka uone. Migunga mingi imepukutisha majani imebaki miiba, na hapo kando mathenge ni kijani kabisa utadhani imenyeshewa jana. Mizizi yake imeshuka mpaka kwa maji ya chini, kwa hivyo vile vitundu vya jani vinavyovuta hewa ya kaboni havilazimiki kufunga mapema ndio jani lisikauke, usanisinuru unaendelea tu. Na mtu asiniambie ni mambo ya naitrojeni peke yake, eti ndiyo inaunda kimeng'enya cha kushika kaboni, hiyo ni kweli lakini hata mgunga unapata naitrojeni kupitia bakteria wa mizizi, hapo wako sare. Mathenge inamshinda mwenzake kwa siku za kazi, inajitengenezea chakula miezi ile mgunga umefunga duka. Na majani yenyewe mbuzi hawayataki, ni machungu, wanakula maganda matamu alafu wanatupandia mbegu kwa mavi kila mahali wanapopita.

Sasa akiba ya hicho chakula iko chini kwa kisiki na mizizi. Ukipiga panga usawa wa goti, umeacha macho yote ya kuchipua, na mvua ikinyesha mara moja shina moja limekuwa kichaka huwezi hata kupitisha ng'ombe. Ni mti ulioletwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa mradi wa kuni, si kwa sababu unachipua vizuri ukikatwa? Mwenye kukata achimbe, akate kisiki ndani ya udongo chini ya hayo macho, alafu apande nyasi haraka maana mbegu ziko hapo zinangoja.

Na hawa wa miradi wanaokuja na fomu zao, wahesabu visiki vilivyong'olewa, waache kuhesabu magunia ya makaa.

Msomaji wenu,
Marigat