Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeuliza kama tabaka la kati la Marekani limekufa

Mdogo wangu,

Umenitumia video mbili. Katika ya kwanza bwana mmoja anaapa kwamba tabaka la kati la Marekani limekwisha, limebaki jina tu. Katika ya pili mwingine anaonyesha michoro kwamba Wamarekani hawajawahi kuwa na kipato kikubwa kama sasa. Unataka kujua nani mkweli, na kama uikubali ile kazi ya San Antonio, jimbo la Texas, ya dola 70,000 kwa mwaka. Najibu hadharani kwa sababu swali hili wanalo wengi, na wengi wanapewa nusu ya jibu.

Mabwana wote wawili wanaweza kuwa na takwimu sahihi. Wametofautiana vipimo. Na kitu kitakachoamua kama wewe, shemeji na watoto mtapumua huko, hakuna kati yao aliyekipima.

Kipimo kinachonukuliwa zaidi ni cha Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani. Kwao, tabaka la kati ni kaya yenye kipato kati ya theluthi mbili na mara mbili ya kipato cha katikati cha nchi. Kipato cha katikati hakipatikani kwa kujumlisha na kugawanya. Unazipanga kaya zote, kutoka yenye kidogo hadi yenye kingi, kisha unachukua iliyo katikati kabisa ya mstari. Kwa njia hiyo mabilionea wachache hawavurugi hesabu. Mwaka 1971, asilimia 61 ya Wamarekani waliishi katika kaya za namna hiyo. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 51.

Watangazaji wengi huishia hapo. Endelea kusoma jedwali. Katika muda huohuo tabaka la juu lilipanda kutoka asilimia 11 hadi 19, na la chini kutoka 27 hadi 30. Kwa hiyo katikati pamepungua, lakini sehemu kubwa ya pengo imeonekana juu, na ndogo zaidi chini. Kumbuka pia kwamba hizi ni picha mbili za nchi zilizopigwa kwa tofauti ya miaka 52, si safari ya watu walewale. Mwaka 1970 waliozaliwa nje ya nchi hawakufika asilimia 5 ya wakazi. Mwaka 2023 walikuwa karibu asilimia 14. Mhamiaji anayeanza na mshahara mdogo anaongeza idadi ya tabaka la chini hata kama maisha yake yamepanda mara tano kuliko alikotoka.

Ila usikimbilie kushangilia. Takwimu nyingine ya Pew inauma zaidi. Mwaka 1970 kaya za kati zilishika asilimia 62 ya kipato chote cha kaya za Marekani. Mwaka 2022 zilishika asilimia 43. Atakayekujibu kwamba ni kwa sababu tu kaya hizo zimepungua, mwambie apige hesabu. Kutoka 61 hadi 51 ni kupungua kwa takriban asilimia 16. Kutoka 62 hadi 43 ni kupungua kwa takriban asilimia 31. Kupungua kwa watu hakuelezi anguko lote. Kilichobaki kinatokana na walio juu kukua kwa kasi zaidi: kati ya 1970 na 2022 kipato cha kaya za kati kiliongezeka kwa asilimia 60 baada ya kuondoa mfumuko wa bei, na cha kaya za juu kwa asilimia 78. Wa kati hakurudi nyuma. Ameachwa.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2016 mchumi Stephen Rose wa Urban Institute, taasisi nyingine ya utafiti, alitumia mpaka usiosogea. Badala ya kuulinganisha kila mwaka na kipato cha katikati cha mwaka huo, aliweka viwango vya dola vilevile, vikirekebishwa kwa mfumuko wa bei tu, tangu 1979 hadi 2014. Tabaka la kati la juu, yaani familia ya watu watatu yenye dola 100,000 hadi karibu 350,000, likakua kutoka asilimia 12.9 hadi 29.4. Tabaka la kati lenyewe likashuka kutoka 38.8 hadi 32. Kwa kipimo hiki, kupungua ni dalili ya watu kupanda.

Kila kipimo kina upofu wake. Cha Pew kinasogea pamoja na nchi, kwa hiyo kama kila kaya ingeongezewa kipato mara mbili usiku mmoja, kingesema hakuna kilichobadilika. Cha Rose kinategemea sana namna unavyopima mfumuko wa bei, na hapo wachumi hawapatani. Kabla ya 1983, faharasa ya bei ya walaji ya Marekani, yaani kipimo rasmi cha kupanda kwa bei, ilihesabu moja kwa moja bei za nyumba na riba za mikopo yake. Baadaye ikahamia kwenye thamani ya pango, yaani nyumba ingepangishwa kwa kiasi gani. Ukitumia mfululizo wa zamani, mishahara inaonekana imedumaa tangu miaka ya sabini. Ukitumia faharasa iliyosahihishwa, inaonekana imepanda. Kwa hiyo kila unapoona mchoro wa mishahara ya Marekani kwa miaka 50, jambo la kwanza ni kutafuta maandishi madogo chini yake: wametumia faharasa gani? Kama hayapo, uache.

Binafsi naona Rose na Pew wote wanakosa jambo moja, nalo ni gharama ya kukipata kipato chenyewe. Ngoja nikuonyeshe kwa ofa yako, kwa kanuni za kodi za 2024. Viwango vimesogea kidogo tangu hapo, kwa hiyo kabla ya kusaini kokotoa upya.

Anza na wapi utahesabiwa. Pew hurekebisha kipato kwa ukubwa wa kaya: gawanya kipato kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, kisha zidisha kwa 1.73 ili kiwe cha kaya ya watu watatu. Ninyi ni wanne, kipeuo chake ni 2, kwa hiyo 70,000 inakuwa kama 60,600. Mipaka ya 2022 ilikuwa takriban dola 56,600 hadi 169,800. Umo ndani, karibu na mlango wa kutokea. Ukimchukua mama na mtoto wa marehemu kaka yetu mkawa sita, unagawanya kwa 2.45 na unapata kama 49,500. Tayari uko tabaka la chini, kwa mshahara uleule. Angekuwa kijana asiye na familia, 70,000 ingehesabiwa kama 121,000. Na pesa utakazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzwi popote. Kwa takwimu, bado unazo mfukoni.

Sasa mfuko wenyewe. Kwa wastani wa 2024, mfanyakazi mwenye bima ya afya ya familia kupitia mwajiri alikatwa dola 6,296 kwa mwaka. Toa hizo, zinabaki 63,704. Makato ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) ni asilimia 7.65, yaani kama 4,873. Kodi ya mapato ya serikali kuu kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja inaanza baada ya dola 29,200 za kwanza, kwa hiyo utadaiwa kama 3,676, lakini nafuu ya dola 2,000 kwa kila mtoto inaifuta yote. Watoto lazima wawe na namba za hifadhi ya jamii (Social Security). Zikichelewa, nafuu inachelewa. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Unabaki na karibu dola 4,900 kwa mwezi.

Pango weka 1,400, ambayo ndiyo ilikuwa ya katikati kwa nchi nzima mwaka 2023. Gari, yaani mkopo, bima na mafuta, weka 900, maana bila gari San Antonio huendi kazini. Chakula cha wanne 975, kiwango cha serikali cha 2024 cha mlo wa kubana matumizi. Umeme, maji, simu na intaneti 350. Nyumbani tuma 300. Zinabaki kama 975. Humo mtatoa nguo, akiba ya uzeeni, na gharama za hospitali kabla bima haijaanza kulipa. Kwa bima ya mtu mmoja, kiasi hicho cha kulipa kwanza mwenyewe kilikuwa wastani wa dola 1,787 mwaka 2024. Mtaishi. Hamtaweka akiba ya nyumba haraka.

Shemeji atasema naye atafanya kazi. Tuseme apate ya kuhudumia wazee kwa dola 18 kwa saa, mwaka mzima: dola 37,440. Kwenye takwimu kipato cha kaya yenu kimeruka kwa zaidi ya nusu, hadi 107,440, na mchoro wa yule bwana wa pili unapanda. Lakini baada ya makato na kodi, mshahara wake unabaki kama 30,080. Mtoto mdogo lazima aende kituo cha kulelea watoto. Wastani wa nchi mwaka 2023 ulikuwa karibu dola 11,580 kwa mwaka. Gari la pili kwa kiwango kilekile ni 10,800. Ongeza nafuu ya kodi ya malezi, dola 600. Kilichoongezeka kweli mezani ni kama 8,300. Mtoto akitimiza miaka mitano na kuingia shule ya umma, ambayo ni bure, hesabu inabadilika sana. Miaka ya kabla ya hapo ndiyo inayobana.

Hapo ndipo naona kiini cha ubishi wote. Mwaka 1971 familia nyingi za kati zilifika hapo kwa mshahara wa mtu mmoja. Leo nyingi zinafika kwa miwili, na sehemu ya mshahara wa pili inaliwa na gharama za kuupata. Televisheni na nguo zimekuwa rahisi mno. Hospitali, chuo, malezi ya watoto na nyumba vimepanda kuliko bei nyingine, na hivyo ndivyo watu huita maisha ya kati.

Nyumba peke yake imewagawa watu wenye mshahara sawa. Aliyekopa dola 300,000 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 3 mwaka 2021 analipa kama dola 1,265 kwa mwezi. Anayekopa kiasi hichohicho kwa asilimia 7 analipa karibu 1,996. Takwimu ya kipato haiwatofautishi. Na Texas kodi ya majengo ni kubwa, iongeze juu yake.

Kingine kisichoonekana ni nani anabeba hatari. Ajira za viwandani zilifika kilele cha milioni 19.5 mwaka 1979. Siku hizi hazifiki milioni 13. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi walikuwa asilimia 20.1 ya waajiriwa mwaka 1983 na 9.9 mwaka 2024. Pensheni ya mwajiri ya kulipwa hadi kufa imeondoka katika kampuni nyingi binafsi, mahali pake ikaja 401(k), akaunti iliyotokana na sheria ya 1978, ambamo soko likianguka hasara ni yako. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya waliozaliwa 1940 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko wazazi wao. Kwa waliozaliwa miaka ya themanini ni karibu nusu. Mtu anayesema "zamani ilikuwa rahisi kupanda" hasemi kwa hisia tu.

Na bima imefungwa kwenye kazi. Bima ya familia ya 2024 kwa jumla ilikuwa dola 25,572. Mwajiri alilipa kama 19,300 ambazo huzioni kwenye hati ya mshahara. Ukipoteza kazi, sheria ya COBRA inakuruhusu kuendelea na bima ileile ukiilipia yote pamoja na asilimia 2: kama dola 2,174 kwa mwezi, wakati huna mshahara. Texas haikupanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa watu wazima, na mwenye green card kwa kawaida husubiri miaka mitano hata pale alipo na sifa. Ndiyo maana akiba ya miezi mitatu huko si anasa.

Kwa hiyo usiwajibu "ndiyo" bado. Waombe kwa maandishi makato kamili ya bima ya familia na siku inapoanza, maana sheria inaruhusu wakusubirishe hadi siku 90. Uliza mwajiri anachangia kiasi gani kwenye 401(k), na mchango wake unakuwa wako baada ya muda gani. Kuna wanaotaka miaka mitatu kamili, ukiondoka mapema unauacha wote. Uliza kama saa za ziada zinalipwa au mshahara ni wa jumla. Ukipata majibu, nitumie tujaze hesabu upya kwa namba zao. Kama makato ya bima yatazidi dola 800 kwa mwezi, omba mshahara upandishwe kabla ya kusaini. Baada ya hapo watakuwa wameshakuzoea kwa bei hiyo.

Kaka yako